Maswali Yenu: Yule Mswidi wa Marie Antoinette

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi na dada yangu tumebishana hapa mpaka basi. Kila stori ya Malkia Marie Antoinette lazima atajwe huyu Axel von Fersen, ati ndo alikuwa mpenzi wake. Dada anataka kujua kama ni kweli. Mimi swali langu lingine, mtu katoka zake Uswidi anaingiaje ikulu ya mfalme wa Ufaransa na kuzoeleka vile miaka yote? Kazi yake pale ilikuwa ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na lako maana ndo lenye nyama, dada asinune, la kwake linafuata.

Kwanza Fersen hakuwa mtu wa kuokotwa. Kazaliwa Stockholm 1755, baba yake kigogo wa siasa za Uswidi, hela ipo, mashamba yapo, na Kifaransa anakiongea tangu mdogo maana enzi hizo makabaila wa Ulaya karibu wote ndo lugha waliyokuwa wanajidai nayo. Kijana akatembezwa nchi za watu asome adabu na mambo ya jeshi, akafika Paris, na Januari 1774 kwenye dansi la barakoa pale Opera akapiga stori na mdada mmoja muda mrefu bila kumjua, kumbe ni Marie Antoinette mwenyewe, bado mke wa mrithi tu, hajawa malkia. Wote wawili wana miaka 18.

Sasa kuingia Versailles, ikulu yenyewe ya mfalme, wala haikuwa ishu kubwa. Hata mtu baki, mradi kavaa vizuri na ana upanga kiunoni, alipita, na kama huna upanga unakodi pale getini, mnaona biashara hiyo! Kwa mwenye jina kama Fersen balozi wa nchi yake alimpeleka kumtambulisha, kwisha. Shida ilikuwa kukaa. Nguo, farasi, watumishi, kamari za usiku, yote ni pesa, na kazi unayouliza mwanangu kwa kweli hakuwa nayo, kazi ilikuwa kuonekana.

Aliporudi 1778 malkia akamtambua mbele za watu, akasema huyu ni mtu tunayejuana siku nyingi, halafu akataka aje amwone na yunifomu yake ya Kiswidi. Basi umbea ukaanza. 1779 balozi wa Uswidi akamwandikia mfalme wake Gustav III kwamba malkia anampenda huyu kijana, ila akamsifu kijana kwa kuamua kwenda vitani Marekani kuepusha maneno. Na kweli akaenda 1780, akawa msaidizi wa jenerali wa Kifaransa Rochambeau, Kiingereza anakijua kwa hiyo wakubwa wake wakikutana na Washington, jenerali wa Wamarekani, yeye anatafsiri, mpaka mapigano ya Yorktown 1781 alikuwepo.

1783 ndo akapata kitu cha kumweka Ufaransa kihalali, ukanali wa kikosi kinaitwa Royal Suédois, kikosi cha kigeni ndani ya jeshi la Ufaransa. Vyeo hivyo vilinunuliwa bwana, baba mtu alilalamika sana kuhusu hizo pesa, Gustav III mwenyewe ikabidi atie neno. Gustav naye hakuwa mjinga, anapata mtu wake kwenye sikio la malkia wa Ufaransa bila kumlipa mshahara wa ubalozi.

Mimi naona ugeni wake ndo ulimkinga. Angalia marafiki wengine wa malkia, ukoo wa Polignac, hao walikomba vyeo na pensheni wao na shemeji zao mpaka Wafaransa wakawachukia kabisa. Fersen hana shemeji wala mjomba pale wa kumtafutia ulaji, mshindani wa nani sasa?

Haya dada, zamu yako. Barua zao za 1791 na 1792 zipo, lakini kuna mistari ilifutwa kwa wino juu ya wino. 2021 wataalamu wa Ufaransa walitoa majibu baada ya kuzipiga kwa eksirei, katika barua 15 wakafanikiwa kusoma 8, na ndani kuna "mpenzi", kuna "kukuabudu", maneno ambayo hutumii kwa kanali wa kawaida. Na aliyefuta ni Fersen mwenyewe, wino ndo ulimchoma. Kwamba walipendana mimi sibishi tena, walifika wapi hiyo barua haisemi.

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Huyo bwana Fersen aliishia wapi baada ya Mapinduzi ya Ufaransa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Mwisho mbaya, tena kwao. Usiku wa tarehe 20 Juni 1791 yeye ndo aliyepanga familia ya kifalme itoroke, akavaa kama dereva akaendesha gari la farasi mwenyewe kutoka Paris mpaka Bondy, pale mfalme akamwambia basi inatosha, sisi tunaendelea. Wakakamatwa njiani, mji wa Varennes, yeye akavuka salama kwenda Ubelgiji. Februari 1792 akarudi Paris kwa siri kuwaona, roho ya paka ile.

Baadaye akawa mkubwa wa shughuli za kifalme Uswidi. Mei 1810 mrithi wa kiti, Karl August, mtu wa ukoo wa kikabaila aliyeletwa kutoka Denmark na watu wa kawaida wakampenda sana, akaanguka akafa. Madaktari wanasema kiharusi, mtaa unasema Fersen kampa sumu. Siku ya msafara wa maiti Stockholm, 20 Juni 1810, Fersen yuko mbele kwenye gari la dhahabu, watu wakaanza mawe, akakimbilia nyumba moja, wakamtoa wakampiga mpaka akafa, na askari wapo wanatazama. Uchunguzi ukaja kumsafisha jina, akazikwa kwa heshima zote.

Agosti mwaka huohuo Waswidi wakachagua mrithi mwingine, wakaenda kumchukua mwanajeshi wa Kifaransa, Bernadotte, na ukoo wake ndo umekalia kiti mpaka leo.