Umeacha ugali na kilo hazishuki? Angalia soda

Dada, umesema unakaa dukani tangu asubuhi mpaka saa tatu usiku, saa nne usiku unakula chipsi mayai, ugali umeuacha mwezi mzima, na bado uzito haushuki; tena una kiu na unakojoa kila mara usiku. Nakuelewa, nami nimeuza dukani miaka mingi.

Ugali si adui. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, na wewe umetaja mbili kwa siku! Mimi nilianza hapo tu, nikabaki na maji, suruali zikaanza kulegea kabla sijagusa chakula. Ugali rudisha, kipande cha ukubwa wa ngumi, mchicha au matembele yajaze nusu ya sahani. Chipsi mayai za saa nne usiku ndizo za kuacha; beba hotpoti, ule mapema hapo hapo dukani.

Shuka daladala mbali kidogo na kwako, utembee dakika 30, siku tano kwa wiki. Chai za kukata tumbo achana nazo, nyingi zinaharisha tu: unapoteza maji, si mafuta.

Ila hiyo kiu na kukojoa kila mara usiku usivipuuze. Nenda kituo cha afya wiki hii upime sukari na presha.