Barua za vyuo vya Marekani: ipi ya kusoma, ipi ya kutupa

Dada, umeuliza kama barua zinazomiminika kwa binti yako tangu ajisajili SAT, mtihani wa kuombea vyuo, ni dalili kwamba vyuo vimemtaka, na kama ulipie ile ya "umeteuliwa" kabla muda haujaisha. Hiyo ya pili jibu ni fupi: usilipe. Ya kwanza ina maelezo. Wanangu wamepita njia hiyo hiyo hapa Marekani, sanduku la barua likawa halifungi.

Mtoto anapojisajili mtihani huulizwa kama anaruhusu vyuo vimwandikie. Akikubali, College Board, shirika lenye mtihani wa SAT, huvikodisha vyuo jina lake na anwani yake, na mwaka 2019 jina moja lilikuwa halifiki hata senti 50. Wenye ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, nao wana huduma kama hiyo. Chuo huagiza tu: nataka wa majimbo haya, alama kuanzia hapa hadi pale, wanaopenda uhandisi. Kompyuta inatoa orodha, mtambo unachapa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa akasoma habari za binti yako, hata kama jina lake limeandikwa kwa mwandiko unaofanana na wa kalamu. Biashara hii imewahi kuleta kesi: Februari 2024 College Board ilikubali kulipa dola 750,000 huko New York kwa jinsi ilivyotumia taarifa za wanafunzi waliofanya mitihani shuleni.

Na usishangae chuo kinachopokea wachache mno kikimbembeleza aombe. Waombaji wakizidi, nafasi zikabaki zile zile, chuo kinaonekana kigumu kuingia, na ugumu huo ndio sifa yake sokoni.

Sasa pesa, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapotekwa. Barua inasema "ufadhili wa dola 20,000 kwa mwaka" na moyo unaruka. Geuza swali: kinabaki kiasi gani? Tuseme ada, malazi na chakula ni 58,000; umebakiwa na 38,000 kila mwaka. Chuo cha umma cha jimbo lenu, kisichoahidi chochote, kinaweza kuwa nafuu kuliko hicho chenye zawadi. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Ingiza kipato chenu, dakika chache tu. Kisha fungua College Scorecard, tovuti ya wizara ya elimu ya Marekani, uone ni wangapi wanamaliza na wanatoka na deni gani. Mimi barua isiyopita hapo siimalizi kuisoma.

Ile yako ya kuteuliwa naifahamu aina yake: karatasi nzito, muhuri wa dhahabu, "mwalimu wako amekupendekeza", na nyuma, kwa herufi ndogo, ada ya uanachama au ya kongamano la viongozi vijana na mahali pa kuandika namba ya kadi. FTC, idara ya serikali kuu inayolinda walaji, imeonya miaka mingi: anayedai kadi yako ili "akutunzie" ufadhili, au anayekuita mshindi wa shindano ambalo hukuingia, anatafuta pesa yako. Si zote ni utapeli mbele ya sheria (nyingine ni klabu halali zinazouza cheti), lakini kwa chuo cheti hicho hakina uzito wowote. Hata FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya masomo ya serikali kuu, hujazwa bure; hao uwalipe kwa lipi?

Zipo za kuweka pembeni: zinazomwondolea ada ya maombi ikiwa chuo tayari kipo kwenye orodha yake, na zile za udahili wa moja kwa moja, ambapo chuo kinasema wazi kimeshampa nafasi kutokana na alama zake za shule. Hizo ni za kweli, ila nafasi si pesa. Kikokotoo kinahusika vilevile.

Mfungulie barua pepe ya pekee kwa ajili ya vyuo, na kwenye akaunti yake ya College Board azime ruhusa ya kutafutwa. Zilizokwisha kutoka zitaendelea kufika kwa muda. Na kabla hajaamini kuhusu huyo mwalimu aliyempendekeza, aende akamuulize mshauri wa shule ni mwalimu gani huyo.