Mwalimu wa Kemia Anajibu: Mfuko wa muhogo na krispi zinazolegea

*Mwalimu, shikamoo. Nakaanga krispi za viazi hapa Kayole na kuuzia maduka ya mtaani. Nilitaka kuachana na plastiki, nikaanza kujitengenezea mifuko: wanga wa muhogo, maji na glisirini. Napika kama uji, namwaga kwenye sinia, naanika. Inatoka mizuri, inang'aa. Wiki chache baadaye inapasuka kwenye mikunjo. Nikizidisha glisirini inanata vidoleni. Krispi nazo zinalegea kesho yake tu. Nakosea wapi? Jirani anasema nitie nyuzi za mkonge. — Muuza krispi, Kayole*

Marahaba mwanangu. Hujakosea, wanga ndivyo ulivyo. Ukiupika, chembe zake hunywa maji, huvimba na kupasuka, na minyororo ya glukosi iliyokuwa imejikunja ndani hutawanyika. (Mwinuko wa Nairobi usikutie hofu. Maji yetu huchemka kabla ya nyuzi 100, lakini wanga wa muhogo huiva kwenye 60 na ushei.) Utando ukishakauka, minyororo hiyo huanza tena kujipanga bega kwa bega, polepole, na kila inavyojipanga utando unakuwa mgumu. Ugali uliolala humeguka kwa sababu hiyohiyo.

Kazi ya glisirini ni kujipenyeza katikati ya minyororo isishikane. Anza na gramu 30 kwa kila gramu 100 za wanga mkavu, na upime kwa mizani, hayo mambo ya kijiko waachie wapishi wa chai. Ukizidisha, glisirini inavuta unyevu wa hewani, ndipo mfuko unanata. Maji nayo hulainisha, kwa hiyo usishangae mfuko uleule kuwa laini Aprili mvua ikinyesha, kisha ukakatika Februari. Na nunua glisirini ya chakula, si ile ya kujipaka miguuni.

Jirani yako yuko sawa kuhusu nyuzi. Mkonge, shina la mgomba, makapi ya miwa, zote zina selulosi, na selulosi imejengwa kwa glukosi kama wanga, hivyo vinashikana vizuri. Lakini kukatakata kamba ya mkonge kwa makasi na kuitupia kwenye uji hakutoshi. Nyuzi mbichi zimefunikwa na lignini, ile gundi ngumu ya mimea, ambayo huondolewa kwa kuzichemsha katika maji ya kostiki soda. Vaa glavu na miwani, na sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini kostiki huila, huku ikitoa gesi inayoshika moto. Zisuuze mpaka ukali wote utoke, kisha uzitwange zilainike kama pamba. Gramu 5 kwa 100 za wanga zinatosha kuanzia.

Utando ukikauka, uinue mbele ya dirisha. Ukiona vidoadoa vyeupe, nyuzi zimejikusanya, na hapo ndipo utakapochanikia. Vipovu ni hivyohivyo: uache uji utulie kabla ya kuumwaga. Sinia ilale sawa, itie pimamaji, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene na mwingine kama ngozi ya kitunguu. Na usianike juu ya bati la moto. Uso hukauka kwanza, kingo zikajikunja.

Sasa niseme ambalo hukuliuliza. Nyuzi zitapunguza kupasuka, ila krispi zitaendelea kulegea. Utando mkavu wa wanga huzuia mafuta na oksijeni vizuri sana, lakini mvuke wa maji hupita kama hakuna mlango. Na huko kupenda maji ndiko kunakowapa bakteria na kuvu nafasi ya kuula udongoni, kwa hiyo huwezi kuondoa kabisa huko kupenda maji ukabaki na mfuko unaooza upesi. Nta ya nyuki ikipakwa juu hupunguza mvuke, lakini mshono wa kufunga mfuko kwa joto hushika vibaya palipo na nta, na bado hutafikia plastiki.

Mimi ningeacha krispi kando. Tengeneza vifuko vya viungo vya pilau, vya kutumbukizwa sufuriani vikiwa vizima, uvipange ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko. Hapo kuyeyuka ndiko mteja anakolipia. Lakini vifuko vya kuliwa visiwe na nyuzi za kostiki, wanga na glisirini ya chakula vinatosha.

Akija mtu kukuuzia plastiki iliyotiwa wanga kidogo, akikwambia inaoza, mwambie apite. Wanga utaliwa, plastiki ibaki vipande vipande. Na kabla ya kuuza chochote nenda NEMA (mamlaka ya mazingira) na KEBS (shirika la viwango). Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ina faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, na askari wa sokoni hatajua kwa macho kwamba wako ni wa muhogo.

*Mwalimu, nilipewa kahawa kwenye kikombe cha vinywaji baridi kilichoandikwa kinaoza. Nikakizika shambani Kitengela. Mvua zimepita, kiko vilevile. Nimedanganywa? — Msomaji, South B*

Maandishi huenda ni ya kweli, ila hayakukuambia ni wapi. Vikombe vingi angavu vya aina hiyo ni vya PLA, plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa. Huoza kwenye mboji ya viwandani, inayokaa kwenye joto la nyuzi 58 hivi kwa wiki kadhaa. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, lakini katika mboji ya namna hiyo. Shamba lako halifiki joto hilo hata Januari. Kifukue, na wakati mwingine muulize muuza kahawa vikombe vyake hukusanywa na nani na kupelekwa mboji ipi.