Paul Brown, kuanzia chuoni hadi ligi ya kulipwa

Kaka, umeuliza kama enzi zile kuna kocha wa futiboli ya Marekani aliyetamba chuoni na kwenye ligi ya kulipwa pia. Yupo: Paul Brown. Timu ya chuo kikuu cha Ohio State aliipa ubingwa wa taifa wa vyuo 1942. Mwaka 1946 akaanza na Cleveland Browns, timu yenye jina lake kabisa, akabeba mataji 4 mfululizo ya AAFC, ligi ya kulipwa ya wakati huo, kisha ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, 1950, 1954 na 1955.

Sasa utundu wake: wachezaji wawili walipokezana kuingia uwanjani mbio, kila mmoja na agizo la kocha mdomoni. Mwaka 1956 akachomeka redio ndani ya kofia ngumu ya mchezaji ili ampe maagizo moja kwa moja. Ligi ikapiga marufuku. Pamoja na yote, mwenye timu alimtimua Januari 1963! Akaenda kuanzisha timu nyingine, Cincinnati Bengals.