Jibu: Kompyuta ya rubani isiyo na betri

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu wako wa urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, amekupa kisahani cha kuzungusha akakiita kompyuta, ilhali simu yako ina kikokotoo. Hiyo ni E6B, na jina ni halali: inakokotoa. Haina betri, wala haizimiki ikipigwa na jua la dirishani.

Jaribu hili. Unaenda Mombasa, kama maili 230 za baharini, kasi yako juu ya ardhi ni maili hizo hizo 115 kwa saa. Zungusha kisahani cha ndani hadi ule mshale wa 60, yaani dakika za saa moja, ukae chini ya 11.5 ya duara la nje (ndiyo 115 yako). Sasa tafuta 23 (ndiyo 230) kwenye duara hilo la nje. Chini yake utasoma 12. Dakika 12 hadi Mombasa? Thubutu! Ni 120. Kisahani hakijui nukta ya desimali, hiyo ni kazi ya kichwa chako, na hapo ndipo wengi wetu hujikwaa.

Upande wa pili ni wa upepo: alama ya penseli, unasogeza kadi, unasoma pembe ya kuelekeza pua ya ndege ili upepo usikupotoshe. Utazoea.

Usikipuuze kile kidirisha cha joto kwenye kisahani, kinachokuonyesha hewa ni nyepesi kiasi gani. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wa digrii 27 hewa huwa nyepesi hivi kwamba ndege hujiona iko futi 8,000 na ushei: injini inachoka, mbio za kuruka zinarefuka. Mimi huanza na hesabu hiyo.

Penseli iwe laini, ngumu hukwaruza.