Jibu kwa mwenye Peugeot 504 ya marehemu mzee, Tanga

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, inakuwaje Kombi ya zamani iuzwe mamia ya milioni kule Marekani? Pili, 504 ya marehemu mzee wako iliyo juu ya mawe pale Ngamiani, ambayo dalali anaapa kwamba wazungu wanaitafuta kwa udi na uvumba, ina pesa ya namna hiyo? Mimi ni fundi bodi hapahapa Tanga. Mikweche ndiyo iliyonilea, na wanunuzi wa aina hiyo nimewahi kuwapeleka kuona magari, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Ile Kombi ilikuwa ya mwaka 1963, ikanadiwa na kampuni ya mnada ya Barrett-Jackson jimbo la California mwaka 2011 kwa dola 217,800. Kwa shilingi za leo ni zaidi ya milioni 500. Lakini ndani ya namba hiyo kuna ada ya mnada, asilimia 10 anayoongezewa mnunuzi, kwa hiyo aliyeuza hakuondoka na zote. Halafu usiifananishe na Kombi za kubeba watu tulizozizoea. Hiyo ni ile ya madirisha 23, yenye vioo vidogo mpaka kwenye ukingo wa paa. Za namna hiyo zilizobaki nzima ni za kutafuta.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Pierce, mji mdogo wa Nebraska, Septemba 2013. Mzee mmoja, Ray Lambrecht, alifungua duka la Chevrolet hapo mwaka 1946, na magari mapya yaliyobaki bila mnunuzi akawa anayaweka tu. Duka likafungwa, miaka ikapita, familia ikaita mnada. Yalikuwa karibu magari 500, mapya na yaliyotumika, mengi yameoza kwenye nyasi. Humo ndani ikatoka pikapu ya Chevrolet Cameo ya 1958 iliyokuwa imetembea maili 1.3, yaani kama kilomita 2 tangu izaliwe. Ikauzwa dola 140,000. Pikapu! Haikushinda mashindano yoyote, wala haikuendeshwa na mtu maarufu. Ilichokuwa nacho ni kwamba hakuna fundi aliyewahi kuifungua hata nati.

Jambo jingine linalopandisha bei ni umri wa wenye pesa. Mtu akishajipata ukubwani, hununua gari alilolitamani ujanani akiwa hana senti. Ndiyo maana Honda Civic ya mwaka 2000, toleo la "Si", iliuzwa dola 50,000 mwaka 2020 kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer. Ilikuwa na maili 5,600 hivi. Nyingi za dada zake, yaani Civic nyingine, vijana walizishusha chini, wakazifunga mabomba ya kelele, wakazigonga. Akabaki yeye, mwali. Na ukumbuke kwamba bei hizi zinaandikwa kwa sababu zimeshangaza hata wenyeji wa huko. Civic zilizouzwa bei ya kawaida wiki ileile hakuna aliyezipiga picha.

Sasa njoo kwetu. Kuna jamaa wa Uingereza nilimpeleka njia ya Muheza kuona Land Rover 109 iliyofanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Bodi inang'aa, mwenyewe kaiosha tangu alfajiri. Mgeni bodi hakuitazama kabisa. Akalala chini na kinyundo chake, anagonga chasisi, ile fremu ya chini, ko, ko, ko, anasikiliza. Yuko sahihi. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, kwa sababu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Chasisi ni chuma. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, gari linapendeza juu huku chini linaliwa kutoka ndani, na panapokutana aluminiamu na chuma ndipo panapoharibika haraka zaidi. Sisi mafundi tunachomelea kiraka, tunapaka rangi nyeusi, safari inaendelea.

Chasisi ile ilikuwa na viraka, lakini bado alikuwa na moyo. Akaomba boneti ifunguliwe. Injini ya Toyota, ya dizeli. Mwenye gari akawa anaisifia kwa dhati, haijawahi kumlaza njiani, na ni kweli. Mgeni akatabasamu, akanywa dafu lake, akaaga. Mimi ndiye niliyenuniwa.

Hapo ndipo panapoudhi. Kwa kazi za Muheza, gari lile ni bora kuliko lilivyotoka kiwandani Solihull. Kwa mnada lilikwisha siku injini yake ya asili ilipouzwa chuma chakavu. Ufundi wetu wote wa kuliweka gari hai miaka 40 unahesabiwa kule kama uharibifu. Mimi sikubaliani nao, ila pesa ni zao.

Kuhusu 504 yenyewe. Ina jina, hilo halina ubishi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na wazee wa hapa watakusimulia mpaka usiku. Tatizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Zenye bei ya kutisha Ulaya ni zile za milango miwili zilizochorwa na Pininfarina, wachoraji wa magari wa Italia, hasa za kufunguka paa. Ya mzee ni ya milango minne, na kwenye picha yako naona bampa la mbele si lake. Ukijumlisha usafiri wa kontena, hesabu ya dalali haisimami. Mnunuzi wa kweli utampata Dar au Nairobi kwa wapenzi wa magari ya zamani, na atalipa bei ya kueleweka, si ya kujengea nyumba.

Ila usiiuze kwa kilo. Itoe juani, izibe vioo mvua isiingie, na tafadhali usimruhusu mtu aipige rangi mpya. Rangi ya zamani iliyopauka ina thamani kuliko puti. Tafuta kadi, kitabu cha gari na risiti zozote kwenye sanduku la mzee. Kisha futa vumbi, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Zikiafikiana zote mbili, niandikie pembeni, kuna mtu Chumbageni ana 504 inayotembea na anatafuta ya pili. Na dalali akikuomba hela ya kulitangaza Ulaya, mwambie akate kwenye mauzo.