Maswali ya Wasomaji: Nafsi na Ukombozi katika Falsafa ya Kihindu

Swali: Je, atmani, yaani nafsi ya ndani ya mtu, ndiyo hii tunayoiita roho?

Jibu: Si hasa. Tukisema roho, wengi wetu tunakusudia kitu kilichoumbwa na Mungu, ilhali atmani haina mwanzo wala mwisho. Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu, yasimulia kwamba Uddalaka alimwamuru mwanawe Shvetaketu atie chumvi majini usiku. Kulipokucha alimtaka airudishe, kijana asiione. Akaonja juu, akaonja katikati, akaonja chini, kote munyu. Ndipo baba alipomwambia kuwa kile kisichoonekana na kilichoenea kote, hicho ndicho atmani, na ndicho yeye Shvetaketu.

Swali: Mwenye kupata moksha, yaani ukombozi, hubaki kuwa yeye, au hupotea kama tone baharini?

Jibu: Hapo wanavyuoni wa Vedanta, falsafa itokanayo na Upanishadi, wenyewe hawakubaliani. Kwa Shankara, wa karne ya 8 hivi, utengano wa nafsi na Brahmani, uhalisi mkuu ulio asili ya vyote, ni kosa la kutojua, mfano wa mtu aliyeona kamba gizani akadhani ni nyoka. Taa ikiletwa, nyoka hafi, kwa kuwa hakuwapo tangu awali. Kwa hiyo neno "kupotea" halifai, maana kinachoondoka ni dhana tu. Ramanuja, aliyefundisha Srirangam kusini mwa India, alishikilia kwamba nafsi iliyokombolewa hubaki ikimjua na kumpenda Mungu, yaani Vishnu, naye Madhva wa Udupi, katika karne ya 13, akasisitiza kuwa tofauti ya nafsi na Mungu haifutiki milele. Binafsi naona Ramanuja ndiye anayeituliza hofu ya muulizaji, kwani mapenzi huhitaji wawili.

Swali: Ni lazima mtu afe kwanza?

Jibu: Kwa Ramanuja, ndiyo. Kwa Shankara, la: mjuzi huwa huru angali hai, na mwili wake huendelea kama gurudumu la mfinyanzi lizungukalo hata baada ya mkono kuondolewa, mpaka karma, yaani matokeo ya matendo yake, iliyokwisha kuanza kuzaa imalizike.

Swali: Ukombozi huja kwa juhudi au kwa neema?

Jibu: Wafuasi wa Ramanuja waligawanyika kwa swali hilihili. Vadakalai, watu wa kaskazini, hutoa mfano wa mtoto wa kima, ambaye hubebwa na mamaye lakini sharti amkumbatie kwa nguvu zake mwenyewe. Tenkalai, wa kusini, hutoa mfano wa mtoto wa paka, ambaye hana analofanya: mama humshika ukosi kwa meno, akaenda naye.